Frantz Fanon: Daktari aliyesoma vita ndani ya miili ya wagonjwa wake

Alfajiri ya Aprili 24, 1965, mashua iliyotoka Kigoma ilifika Kibamba, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, wilayani Fizi. Ndani yake alikuwemo daktari mmoja kutoka Argentina, Ernesto Che Guevara, aliyekuja kuwasaidia waasi wa Simba. Miezi michache kabla ya safari hiyo, mjini Algiers, Che alikuwa amehojiwa na mwandishi wa habari mmoja mjane, Josie Fanon.

Marehemu mume wa Josie naye alikuwa daktari. Jina lake ni Frantz Fanon, na wakati huo alikuwa ametimiza miaka mitatu kaburini. Hakuwahi kufika Fizi wala Baraka. Watu wengi wanamjua kama mwandishi wa mapinduzi, wala hawajui kwamba kazi iliyomlisha, na iliyomchosha hadi mwisho wa maisha yake, ilikuwa kutibu wagonjwa wa akili.

Swali alilohangaika nalo ni lile lile wanaloulizwa leo wauguzi na washauri wa kisaikolojia kote Kivu Kusini. Kwa nini mtu aliyeponea vita, ambaye jeraha lake limekwisha kufunga, anaendelea kuumwa? Kwa nini moyo wake unakwenda mbio mtu akibisha mlango, tumbo linamkata, usingizi haumchukui, na vipimo vya hospitali havionyeshi kitu? Je, ugonjwa uko ubongoni, uko mwilini, au uko katika yale yaliyompata?

Mtoto wa Martinique, askari wa Ufaransa

Fanon alizaliwa Julai 20, 1925, Fort-de-France, katika kisiwa cha Martinique kilichokuwa koloni la Ufaransa. Baba yake alikuwa mtumishi wa forodha na mama yake alikuwa na duka. Katika familia nyingi nyeusi za kisiwani wakati ule, mtoto alifundishwa kujiona Mfaransa.

Mwaka 1943, akiwa na umri wa miaka 17, alitoroka nyumbani kwa mashua hadi kisiwa jirani cha Dominica ili ajiunge na jeshi la Jenerali de Gaulle. Baadaye alipelekwa Moroko na Algeria, kisha akavuka bahari na kupigana katika ardhi ya Ufaransa. Mwishoni mwa 1944 vipande vya kombora vilimjeruhi, akapewa nishani. Afisa aliyetia sahihi nishani hiyo alikuwa Raoul Salan, ambaye miaka kumi na zaidi baadaye aliongoza majeshi ya Ufaransa dhidi ya Waalgeria, upande ambao Fanon aliupigania.

Jeshini aliona jinsi askari walivyopangwa kwa rangi ya ngozi: Wazungu juu, watu wa visiwani katikati, Waafrika chini. Aliporudi nyumbani 1945 hakuwa tena yule kijana aliyeondoka. Alimaliza shule, na baada ya muda akaenda Ufaransa kusomea udaktari katika mji wa Lyon.

Tasnifu juu ya ubongo na pepo

Huko Lyon alichagua tawi la magonjwa ya akili. Wakati huo idara hiyo iliongozwa na watu walioamini kwamba kila ugonjwa wa akili una kidonda chake ndani ya ubongo. Kazi ya daktari, kwa maoni yao, ilikuwa kukitafuta kidonda hicho. Maisha ya mgonjwa, ndoa yake, kazi yake, dharau anazopata njiani, hayakuwa mambo ya kuandikwa kwenye faili.

Kwanza Fanon alitaka kuwasilisha kama tasnifu maandishi yake juu ya jinsi ubaguzi unavyomharibu mtu mweusi kutoka ndani. Profesa wake, Jean Dechaume, aliyakataa. Maandishi hayo yalitoka 1952 kama kitabu, Peau noire, masques blancs, na mpaka sasa kinasomwa duniani kote. Kwa upande wa chuo ilimbidi aandike kitu kingine haraka, naye alichagua uwanja wa wakubwa wake wenyewe, yaani neva na ubongo.

Tasnifu aliyoitetea Novemba 1951 ilihusu ugonjwa unaoitwa Friedreich. Ni ugonjwa wa kurithi unaoharibu polepole uti wa mgongo na ubongo wa nyuma. Mgonjwa huanza kuyumba anapotembea, mikono inakosa shabaha, maneno yanamtoka kwa shida. Baadhi ya wagonjwa hao hupata pia matatizo ya akili. Mgonjwa ambaye Fanon alimweka mbele katika kazi yake alikuwa akidai kwamba amepagawa.

Hoja ya daktari huyo kijana ilikuwa ya kuvuka mto kwa makini. Hakukana kwamba ubongo umeharibika. Alisema tu kwamba uharibifu ule ule wa neva unaleta hali mbalimbali za akili kwa watu mbalimbali. Mmoja anakuwa na huzuni, mwingine anasikia sauti, mwingine habadiliki kabisa. Kwa hiyo kidonda cha neva peke yake hakitoshi kueleza wazimu. Kati ya kidonda na wazimu kuna mtu, mwenye historia yake, na ndugu wanaomkaribia au kumkimbia.

Mkaaji wa Fizi, Uvira au Baraka hahitaji kwenda Lyon ili kuuelewa mjadala huo. Mgonjwa anapoanguka na kupiga makelele, ukoo unagawanyika. Mmoja anasema apelekwe hospitali, mwingine anataka chumba cha maombi, mwingine ametuma mtu kwa mganga. Fanon alifundisha kwamba kila mmoja wao ameshika upande mmoja wa jambo, na kwamba daktari anayeangalia ubongo peke yake naye ameshika upande mmoja.

Hospitali iliyookoka na njaa

Baada ya masomo alikwenda kufanya kazi Saint-Alban, hospitali ya milimani kusini mwa Ufaransa. Wakati wa vita makumi ya maelfu ya wagonjwa wa akili walikufa kwa njaa katika hospitali za nchi hiyo. Saint-Alban haikupata maafa ya kiwango hicho, kwa sababu wagonjwa, wauguzi na watawa walitoka pamoja kutafuta chakula na kubadilishana vitu na wakulima wa jirani.

Aliyemfundisha pale alikuwa François Tosquelles, daktari mkimbizi aliyetoka Catalonia baada ya vita vya Uhispania. Tosquelles aliamini kwamba kabla ya kumtibu mgonjwa ni lazima kuitibu hospitali yenyewe. Wagonjwa walikuwa na mikutano yao, gazeti lao, kazi za mikono na michezo ya kuigiza.

Lakini dawa za mwili hazikuachwa. Fanon na Tosquelles waliandika pamoja, 1953, ripoti kuhusu mshtuko wa umeme kama matibabu. Kwao umeme au dawa ya usingizi ilikuwa njia ya kuvunja hali iliyomfunga mgonjwa, ili mazungumzo na maisha ya pamoja yapate mlango wa kuingilia. Kumpa mtu umeme kisha kumrudisha kitandani peke yake hakukuwa tiba machoni pao.

Wakati sayansi ya ubongo ilipotumika kudharau

Novemba 1953 Fanon aliteuliwa mkuu wa kitengo katika hospitali ya Blida-Joinville, karibu na Algiers. Huko alikutana na shule ya madaktari walioongozwa na Antoine Porot. Madaktari hao walikuwa wamefundisha kwa miaka mingi kwamba Mwalgeria Mwislamu anaendeshwa na sehemu za chini za ubongo, zile za silika, na kwamba gamba la juu la ubongo, linalofikiri na kujizuia, halimtawali. Kwa mafundisho hayo, uhalifu wake na hasira yake vilikuwa vya kuzaliwa navyo.

Mafundisho kama hayo yalikuwepo Afrika Mashariki pia. Mjini Nairobi, hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari iliongozwa kwa miaka zaidi ya kumi na daktari Mwingereza John Colin Carothers. Mwaka 1951 aliandika kwamba akili ya Mwafrika inafanana na ya Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Shirika la Afya Duniani lilimchapishia kitabu 1953. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ya Kenya ilitoa uchunguzi wake juu ya Mau Mau, ambamo watu waliodai ardhi yao walielezwa kama watu waliochanganyikiwa kisaikolojia.

Fanon aliyajadili majina hayo mawili, Porot na Carothers, katika kitabu chake cha mwisho. Alionyesha kwamba hayakuwa makosa madogo ya wasomi. Wanafunzi wa udaktari walifundishwa hivyo, polisi na mahakimu wakapata kisingizio, na mgonjwa Mwafrika aliyelalamika maumivu akaonekana mvivu au mwongo. Alikuwa amekwisha kuandika juu ya jambo hilo 1952, aliposimulia jinsi wafanyakazi kutoka Afrika Kaskazini walivyopokelewa katika hospitali za Ufaransa, wakisema wanaumwa kila mahali na daktari asiwaamini.

Kosa la Blida

Katika kitengo chake palikuwa na wanawake Wazungu 165 na wanaume Waislamu 220. Fanon aliwafungulia wote maisha mapya kama aliyoyaona Saint-Alban: mikutano, sherehe, kwaya, filamu, kufuma, gazeti la hospitali.

Kwa wanawake Wazungu mambo yalibadilika upesi. Kwa wanaume Waislamu hayakwenda kabisa. Walikaa kimya mikutanoni, sherehe hazikuwagusa, gazeti hawakulisoma kwa kuwa wengi hawakujua kusoma. Wauguzi wa zamani walianza kusema kwamba daktari bado mgeni, atazoea.

Mwaka 1954 Fanon na msaidizi wake Jacques Azoulay walichapisha maelezo ya kushindwa huko, nao hawakuwalaumu wagonjwa. Walikiri kwamba wao madaktari walileta sherehe za watu wengine, nyimbo za watu wengine na lugha ya watu wengine, huku wakizungumza na wagonjwa kupitia mkalimani. Ndipo wakaanza upya. Ulifunguliwa mkahawa wa kienyeji wa kunywea kahawa, msimuliaji wa hadithi akaalikwa, sikukuu za Kiislamu zikaadhimishwa, wagonjwa wakatengeneza uwanja wa mpira. Wanaume wale wakaanza kuongea.

Somo hilo lina uzito wake katika wilaya ambamo mgonjwa anaweza kuwa anaota kwa Kibembe, anasali kwa Kiswahili, na faili lake linaandikwa kwa Kifaransa.

Mwili unaobeba vita

Vita vya uhuru vya Algeria vilianza Novemba 1, 1954. Baada ya muda mfupi hospitali ya Blida ilianza kupokea pande zote mbili. Waliletwa waliopigwa umeme na polisi, na waliletwa polisi waliowapiga umeme. Fanon aliwatibu wote, huku kwa siri akiwasaidia wapiganaji wa ukombozi kwa dawa na maficho.

Kesi hizo alizikusanya katika sura ya tano ya kitabu chake Les Damnés de la terre, kilichotoka 1961. Wasomaji wengi wanakijua kitabu hicho kwa sura yake ya kwanza juu ya matumizi ya nguvu. Sura ya tano, iliyoandikwa na mganga, husomwa na wachache.

Mgonjwa wa kwanza katika sura hiyo alikuwa dereva wa teksi aliyekuwa akiwabeba wapiganaji. Siku moja ilibidi akimbilie msituni. Askari wa Ufaransa walimkamata mkewe ili aseme mume yuko wapi, naye hakusema. Walimbaka. Alimtumia mumewe ujumbe kwamba amsahau, kwa sababu ameaibishwa. Mume aliendelea na mapigano, lakini usingizi ulipotea, hamu ya chakula ikaisha, kichwa kikamuuma bila kukoma, na nguvu za kiume zikamtoka. Madaktari wa mwili hawakuona kasoro yoyote.

Katika mazungumzo na Fanon, mtu huyo alifika taratibu mahali pa kuona kwamba mkewe aliteswa kwa kumlinda yeye, na kwamba deni lilikuwa lake. Alikusudia kumrudia vita vikiisha. Bado alimuuliza daktari angefanya nini kama jambo hilo lingempata yeye, na Fanon alikubali kwamba hajui. Hakujifanya mtakatifu mbele ya mgonjwa.

Kuna familia nyingi wilayani Fizi ambazo hazihitaji kuelezwa hadithi hiyo mara mbili.

Mgonjwa mwingine alikuwa mkaguzi wa polisi Mzungu aliyetesa watu mchana kutwa na jioni akawapiga mkewe na watoto, hata yule mdogo kabisa. Alikuja kuomba msaada, lakini hakuwa na nia ya kuacha kazi. Alitaka daktari amsaidie kutesa kwa utulivu. Hapo Fanon aliona mpaka wa kazi yake: hakuna dawa wala mazungumzo yanayoweza kumponya mtu ambaye kesho asubuhi anarudi kufanya jambo linalomfanya augue.

Waliopitishiwa umeme mwilini waliogopa kugusa swichi ya taa, kuwasha redio, hata kushika simu. Kwa watu hao, Fanon aliandika, daktari hakuweza hata kuutaja mshtuko wa umeme kama matibabu. Chombo kile kile alichokitumia Saint-Alban kilikuwa kimechafuliwa na watesaji.

Halafu ilikuja orodha ya magonjwa ya mwili yasiyo na chanzo cha kuonekana: vidonda vya tumbo, maumivu makali ya figo, hedhi kuvurugika, kutetemeka, nywele kuwa nyeupe kabla ya umri, moyo kwenda mbio ghafla, misuli kukakamaa hata mtu akashindwa kupanda ngazi. Fanon alipendezwa na wanasayansi wa Kisovieti waliofuata njia ya Pavlov, kwa sababu waliurudisha ubongo katikati ya maelezo na kuonyesha jinsi unavyotawala tumbo, moyo na mishipa. Mwili, kwa maelezo yake, unatafuta namna ya kujipatanisha na hatari isiyokwisha, na namna hiyo yenyewe inageuka ugonjwa.

Aliandika pia kwamba mtu anayetawaliwa kwa nguvu anaishi misuli ikiwa imekaza siku zote. Usiku anaota anakimbia, anaruka, anaogelea. Ngoma za pepo na hadithi za majini alizitazama kama pahali ambapo mkazo huo unapata njia ya kutoka. Wapiganaji ambao Che aliwakuta Fizi, waliopewa dawa waliyoiamini kuzuia risasi, Carothers angewaeleza kwa kasoro ya ubongo. Njia ya Fanon ingeanza na kuuliza ni hofu gani iliyokuwa imeukaza mwili ule.

Tunis, Accra, Léopoldville

Mwishoni mwa 1956 Fanon aliandika barua ya kujiuzulu kwa waziri wa Ufaransa aliyetawala Algeria, Robert Lacoste. Alieleza kwamba haiwezekani kumrudishia mtu akili yake katika nchi ambayo sheria zake zinamfanya mgeni nyumbani mwake. Januari 1957 alifukuzwa.

Alihamia Tunis, akafanya kazi Manouba na kisha katika hospitali ya Charles-Nicolle. Huko alianzisha kituo cha wagonjwa wa mchana, miongoni mwa vya kwanza barani Afrika. Mgonjwa alifika asubuhi, akapimwa, akapewa dawa, akazungumza na daktari, na jioni akarudi kulala kwake. Hakutengwa na mke, watoto, jirani na soko. Kwa Fanon jambo hilo lilikuwa sehemu ya tiba, kwa sababu ugonjwa ulianzia katika maisha hayo na ni humo ulipaswa kuishia.

Desemba 1958 alihudhuria mkutano wa watu wa Afrika yote mjini Accra, ambapo alikutana na Patrice Lumumba. Agosti 1960, akiwa balozi wa serikali ya muda ya Algeria nchini Ghana, alifika Léopoldville kwa mkutano wa nchi za Afrika ulioitishwa na Lumumba, wakati Kongo huru haijamaliza hata miezi miwili na Katanga imejitenga. Lumumba aliuawa Januari 17, 1961. Mwezi uliofuata Fanon aliandika makala akiwalaumu pia Waafrika wenyewe, waliotuma askari wao chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa bila kumlinda aliyewaita.

Wakati huo alikuwa amekwisha kuambiwa kwamba ana saratani ya damu. Alitibiwa Moscow, akarudi Tunis, akaandika kitabu chake cha mwisho kwa haraka ya mtu anayejua siku zake zinahesabika. Alikufa Desemba 6, 1961, katika hospitali ya Bethesda, Marekani, akiwa na miaka 36. Wapiganaji walivusha mwili wake mpaka wa Tunisia wakamzika katika udongo wa Algeria. Uhuru ulikuja miezi saba baadaye.

Alichokiona, na sayansi ya leo

Fanon hakuwa na mashine za kupiga picha ubongo unapofanya kazi. Waliomfuata wanazo, na mengi waliyoyaona yanakwenda upande wake.

Ndani ya ubongo kuna kijisehemu chenye umbo la lozi kinachofanya kazi ya kengele ya hatari. Mtu anaposhambuliwa, kengele hiyo hulia kabla hajapata kufikiri: moyo unaongeza mwendo, damu inakimbilia misulini, tumbo linasimamisha kazi yake. Hatari ikipita, sehemu ya mbele ya ubongo huizima. Kwa mtu aliyeumizwa vibaya, au mara nyingi, kengele inabaki inalia. Harufu ya moshi, mlio wa pikipiki au viatu vya askari vinatosha kuiamsha. Wakati huo huo sehemu inayopanga kumbukumbu kwa saa na mahali haifanyi kazi vizuri, ndiyo maana jambo la miaka kumi iliyopita linarudi kama linatendeka sasa.

Ujuzi huo umebadilisha kazi ya washauri. Anayetibu hamlazimishi mgonjwa kusimulia siku ya kwanza. Anaanza na mwili: kuvuta pumzi polepole na kuitoa kwa muda mrefu zaidi, jambo linalotuliza moyo kupitia neva ndefu inayotoka kwenye ubongo hadi kifuani na tumboni. Anamsaidia kuhisi miguu yake iko chini, kutaja vitu anavyoviona chumbani. Mwili ukitulia ndipo hadithi inasimuliwa, kidogo kidogo na kwa mpangilio, mpaka ubongo uipe tarehe na kuiweka nyuma.

Mashariki mwa Kongo njia za aina hiyo zimepimwa. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti juu ya wanawake 405 walionusurika na ubakaji, katika vijiji ambavyo vingi viko Kivu Kusini. Wasaidizi wa kisaikolojia Wakongomani, ambao si madaktari, waliwapa baadhi yao tiba ya mazungumzo katika vikundi, wakijifunza kuchunguza mawazo kama lile la kujiona wana hatia. Wengine walipata msaada wa kawaida wa mtu mmoja mmoja. Miezi sita baada ya tiba, wenye dalili za sonona au wasiwasi mkubwa walikuwa asilimia 9 katika vikundi vya mazungumzo, na asilimia 42 kwa wengine.

Hakuna ubongo uliokatwa sehemu yake hapo, kama Carothers alivyodai. Wanawake wengi kati yao hawakujua kusoma, na tiba iliandaliwa upya ili waishike kwa kichwa. Kosa la Blida halikurudiwa.

Maswali yaliyobaki Fizi na Baraka

Fanon ana wakosoaji, na baadhi yao wana haki. Tiba za umeme na insulini alizozitumia zilikuwa kali. Aliandika kwamba nguvu za mtawaliwa zinaweza kumrudishia heshima yake, na maneno hayo yametumiwa na watu wengi wenye bunduki ambao hawakuwa na mkoloni mbele yao. Fizi imeona waasi wa 1964, maquis ya Laurent-Désiré Kabila, vita vya 1996 na 1998, na vikundi vya silaha visivyohesabika kirahisi. Heshima haikurudi kwa njia hiyo.

Lakini Fanon yule yule aliandika habari za mpiganaji wa uhuru aliyetega bomu katika mkahawa na kuua watu kumi. Hakujuta kwa sababu za siasa. Hata hivyo, kila mwaka tarehe ile ikikaribia, alikosa usingizi, akashikwa na hofu na mawazo ya kujiua. Mwili wake haukukubaliana na maelezo yake. Vijana wanaotoka msituni na kurudi vijijini wilayani Fizi, ambao hakuna anayetaka kuwauliza wanalalaje usiku, wako katika ukurasa huo.

Lipo pia suala la haki. Usiku wa Januari 1, 2011, askari wa jeshi la taifa waliwabaka wanawake wengi mjini Fizi. Wiki chache baadaye mahakama ya kijeshi ilihamia Baraka, ikasikiliza ushahidi wa waathirika, na Februari mwaka huo ikamhukumu kamanda wao, luteni-kanali, kifungo cha miaka 20 kwa uhalifu dhidi ya binadamu. Umati ulikusanyika nje kufuatilia kesi.

Hukumu haiponyi usingizi peke yake. Lakini Fanon angeielewa kama sehemu ya matibabu, kwa kuwa kengele ya ubongo haizimiki kwa pumzi na mazungumzo tu ikiwa aliyetenda bado anapita mbele ya mlango akiwa na sare. Ndiyo sababu aliacha kazi yake Blida. Mgonjwa anayerudishwa katika hatari ile ile, mwili wake una haki ya kuogopa.

Leo hospitali ya Blida inaitwa kwa jina lake. Kitabu chake cha mwisho kilitafsiriwa kwa Kiswahili na kuchapishwa Dar es Salaam, kwa jina Viumbe Waliolaaniwa, hivyo msomaji wa Baraka anaweza kukisoma kwa lugha yake. Akianzia sura ya tano, atamkuta dereva wa teksi, mke aliyeficha siri ya mumewe, na daktari aliyeulizwa swali gumu akakubali kwamba hana jibu.